Mkia wa Ramani

Nikisema nina jina Hanang msidhani najisifu. Mimi ni mtu wa Daudi, huku Mbulu juu, mkulima wa mahindi na maharage na vitunguu kidogo, na Hanang sina shamba wala shangazi. Lakini juzi nimekwenda msibani Mogitu, nimekaa zangu kwenye benchi nasubiri ugali kama watu wengine, mzee mmoja nisiyemjua akanitazama, akanitazama tena, akasema, "Samahani, si wewe yule wa mkia?" Nikasema ndiyo baba, ni mimi, shikamoo. Ningefanyaje? Benchi zima likageuza shingo. Basi kwa kuwa habari imeshavuka wilaya na njiani wameitia chumvi (wapo wanaosema nililala kule, sikulala, nilikaa tu), afadhali niiseme mwenyewe ilivyokuwa, aibu yote mezani, mcheke mkimaliza mniache.

Mambo yalianza vizuri kabisa. Walikuja watu wa ardhi kutuandikia mashamba upya, na sio kwa kamba na kalamu ya wino kama zamani, kwa simu na vishikwambi. Nyie mnaoishi mjini hamwezi kujua hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Huku kwetu mpaka ni ua wa mnyaa au katani, ukitaka kujua shamba linaishia wapi unauliza, na unayemuuliza ana shamba pale pale jirani, kwa hiyo jibu unalijua kabla hajafungua mdomo. Ramani ya kijiji ilikuwepo, moja, ya karatasi, imechorwa kwa mkono na wapimaji wa zamani hizo, na watu waliowahi kuiona kwa macho yao walikuwa wanazeeka na kufa. Halafu watu wa barabara walikuwa na karatasi yao, watu wa maji yao, watu wa nguzo za umeme yao. Mmoja anakuja anapaka alama nyekundu kwenye ukuta wa jirani yako, mwaka unaofuata anakuja mwingine anauliza nani kachafua ukuta huu.

Sasa hivi, anasema afisa, vyote vinakwenda sehemu moja, kwenye mfumo. Ile karatasi ya zamani wameipiga picha, wameitandika chini kama shuka, juu yake wanaweka mashamba yetu, hifadhi ya barabara, bomba la maji, nguzo, na mapito, yaani zile njia za watu na mifugo ambazo si za mtu mmoja. Akija mtu wa barabara anaona bomba, akija mtu wa bomba anaona nyumba yako. Mimi nilisikiliza nikasema moyoni, hawa watu wamekaa wakafikiri.

Afisa mwenyewe alikuwa binti wa Pangani, Bi Rehema, umri sawa na Pendo, mtoto wangu wa kwanza. Alivaa hijabu, juu yake kofia ya sufu, juu yake blanketi, maana baridi ya Daudi ilimpokea vibaya, lakini kazi alikuwa anaijua mpaka raha. Alisema anataka kila kitongoji kichague mtu mmoja wa kumsaidia kupima, na kitongoji chetu kikanichagua mimi. Sababu waliyotaja ni uaminifu. Sababu yenyewe ni simu, nilikuwa na simu kubwa niliyoletewa na Pendo kutoka Arusha, lakini mimi nilishika ile ya uaminifu. Na kusema kweli nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya kanisani, na miezi miwili nyuma nilisimama mbele ya wanajumuiya wote nikatangaza kwamba mimi na pombe basi. Mama Pendo alipiga kigelegele pale pale. (Likumbukeni hilo la pombe, tutalirudia, mkitaka msitake.)

Bi Rehema alitufundisha siku mbili. Kazi ni rahisi, unawasha programu, unatembea kwenye mstari unaopimwa, simu inaandika kila ulipokanyaga. "Lakini ukisimama kuongea na mtu," akasema, "au ukitoka kwenye mstari kwa jambo lolote lile, bonyeza hapa isimame kuandika. Ukirudi pale pale ulipotokea, bonyeza tena iendelee. Baba zangu, mama zangu, nawaomba sana. Kifaa hiki hakijui salamu."

Tulicheka sana. Mimi ndiye nilicheka kuliko wote.

Nikapewa njia ya kisima. Ni pito moja muhimu, linatoka barabarani, linafika nyumba ya mwisho, kwa Bibi Anjela, linapita ubavuni mwa shamba langu la maharage, kisha linashuka kisimani. Bibi Anjela ni mjane, anaishi peke yake, upande wa pili wa nyumba yake ni korongo, kwa hiyo njia nyingine hana. Huyu bibi ndiye aliyempokea Pendo alipozaliwa kabla gari la hospitali halijafika, na mimi sijawahi kumpita bila shikamoo, muulizeni mtu yeyote. Zamani alikuwa anachota maji kwa punda, madumu mawili, moja kila upande. Siku hizi nilikuwa namwona anabeba mwenyewe mgongoni, dumu moja, anapumzika mara tatu mpaka afike. Nikamuuliza bibi, punda vipi? Akasema punda njia imemshinda. Nikampa pole, nikaendelea na safari yangu.

Bi Rehema alitusisitizia kuhusu mapito. Alisema pito litaingia kwenye mfumo kwa mstari na upana ule tutakaouonyesha sisi wenyewe, siku ya uhakiki kijiji kikikubali, basi, ndivyo litakavyobaki, wajukuu wakija kubishana watafunguliwa ramani. Na kama halikuonyeshwa, halipo.

Haya. Siku ya kupima nikavaa koti la kanisani (msiniulize kwa nini), nikawasha, nikaanza kutembea. Hatua kama hamsini nikakutana na katekista, nikabonyeza isimame kama nilivyofundishwa, tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, nikaondoka. Nikatembea njia nzima mpaka kisimani. Kufika natazama simu, haijaandika kitu tangu kwa katekista! Nimesahau kubonyeza tena. Nilikasirika nikaitukana simu kwa Kiiraqw, kisha nikarudi juu barabarani kuanza upya, na ule mlima mnaujua. Ndipo nikafanya uamuzi wangu. Nikasema, mara hii sibonyezi kitu, naiacha iandike tu mpaka mwisho, atakayenisalimia nitamwitikia natembea. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo, mdogo tu.

Nimefika katikati ya njia nasikia, "Paskali! Siku hizi unapita kama mgeni?"

Mzee Bura. Amesimama kwenye zizi lake, ng'ambo ya mfereji, mzee aliyebatizwa pamoja na marehemu baba yangu. Sasa niambieni, mzee kama yule unampigia shikamoo kwa kelele kutoka ng'ambo, kama unafukuza ndege? Haiwezekani. Nikavuka. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza nyumbani, nikauliza ng'ombe, akauliza Pendo, nikauliza mgongo wake, na tukiwa bado hatujafika kwenye mvua, ndama wake akakata kamba akatoka mbio. Mzee ana mgongo mbovu, nani amkimbilie? Nikamkimbilia mimi, na koti la kanisani, kwenye mashamba ya watu, huku na huku, na yule ndama alikuwa anajua anakokwenda, maana alikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya nyumba ya Mama Tumaini, kwenye rundo la machicha, akaanza kula.

Na Mama Tumaini, kwa wasiomjua, ndiye anayepika pombe ya kitongoji chetu.

Nilikuwa nahema. Jua lilikuwa limewaka. Mama Tumaini akanitazama akasema, "Pole Baba Pendo, kaa basi upumzike," na pale kwake hakuna kinywaji kingine. Kikombe cha kwanza kilikuwa cha kupoza koo, hicho nakitetea mbele ya yeyote. Cha pili nilinyweshwa na heshima, maana palikuwa na wazee. Kilichofuata sikitetei. Simu muda wote iko mfukoni mwa shati, imewaka, inaandika. Nilipoinuka nikarudi kwenye njia yangu, nikamalizia mpaka kisimani, simu ikaniambia imehifadhi kazi, nikaiambia asante.

Mambo yangeweza kuishia hapo, maana Bi Rehema alinipigia siku ya pili yake. "Baba, niletee nikague kidogo kabla ya mkutano." Kuangalia mwenyewe nilikuwa nimeangalia, bila miwani, nikaona mstari mwekundu, nikaridhika. Nikamwambia, "Usijali binti yangu. Yangu imenyooka kama rula." Akasema sawa baba, utaniletea asubuhi ya mkutano. Sikumpelekea aikague, na asubuhi yenyewe nilimpa simu watu wameshajaa, akahamisha kazi yangu kwenye kompyuta bila nafasi ya kuifungua.

Mkutano wa uhakiki ulikuwa kwenye darasa la shule ya msingi, madirisha yamezibwa kwa khanga ili giza liingie, projekta inamulika ukuta. Na niwaambieni, kabla ya kuaibika nilifurahi kama mtoto. Alituonyesha kijiji chetu kilivyo kutoka juu, picha iliyopigwa na kile kidege chao kisicho na rubani, kila nyumba, kila mti, watu wanasimama wanaonyeshana, yule wangu, ule mnyaa wa babu. Bibi Anjela alikaa mbele kabisa, akaona nyumba yake, akasema, "Kumbe bati langu lina kutu hivi, na hakuna aliyeniambia!" Kisha Bi Rehema akaleta barabara, na hifadhi ya barabara ikajipaka rangi pande zote mbili, tukaona bila kubishana kwamba uzio wa mwenyekiti wa kijiji uko ndani ya hifadhi, na mwenyekiti akaona mwenyewe, akasema haya, nimeelewa, nitautoa. Mtu mmoja anakubali kutoa uzio bila barua tatu na mgambo! Nilitamani kupiga makofi.

Badala ya makofi nikanyoosha mkono. Nikasema, "Bi Rehema, kwenye mapito, anza na la kwangu, wenzangu waone mfano."

Akaanza na la kwangu.

Mstari mwekundu ulitokea barabarani, umenyooka vizuri, nikajiweka sawa kwenye kiti. Ukafika katikati. Ukaacha njia. Ukavuka mfereji, ukaingia zizini kwa Mzee Bura, ukatoka, ukapinda, ukapinda tena, ukapita katikati ya mahindi ya watu wanne, ukaenda kujifunga fundo kubwa jekundu mahali fulani mbali, halafu ukarudi unayumba (jamani, unayumba, mtu yeyote aliona) mpaka kwenye njia. Njia ya kisima ilikuwa na mkia mrefu kuliko yenyewe.

Bi Rehema alikuwa mgeni, hakujua kitu. Akainama kwenye kompyuta yake, akasoma, akaniuliza kwa adabu zote za kwao, "Samahani baba, hapa ulisimama dakika arobaini na mbili. Kuna alama ya mpaka hapa?"

Kisha nyuma kabisa, sauti ya Mama Tumaini, imejaa furaha ya mtu aliyeona kwake ukutani, "Ee! Hapo ni kwangu!"

Darasa zima liliangua kicheko. Watu walicheka wakashikana mabega, katekista aliweka uso kwenye dawati. Nikasimama nijitetee, nikasema nilikuwa namsaidia Mzee Bura, ndama alikimbia! Mzee Bura naye, mtu mkweli, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Ndama alirudi mwenyewe, Paskali. Wewe ndiye tulikusubiri." Nikamtafuta Mama Pendo kwa macho, afadhali nisingemtafuta. Alisimama taratibu, akafunga khanga vizuri.

"Bi Rehema, umesema dakika arobaini na ngapi?"

"Na mbili, mama."

"Asante. Hilo pito msilifute. Ni la Baba Pendo, analitumia."

Sitaelezea kicheko kilichofuata. Nilikaa chini nikitamani darasa lingekuwa na mlango karibu yangu.

Bi Rehema ndiye aliyeniokoa, au nilidhani ananiokoa. Hakucheka, alisubiri watulie, akasema kosa kama hili ndilo sababu ya kufanya uhakiki, mfumo haumfichi mtu lakini pia haumfungi, tunafuta mkia tunabaki na njia. Akabonyeza, akachagua, mkia ukaondoka kipande kwa kipande, nikapumua. "Sasa," akasema, "tuuweke juu ya ile ramani ya zamani tuone kama vinalingana." Na ile karatasi ya wapimaji wa zamani ikatokea ukutani, mistari yake ya wino imefifia lakini inasomeka, na njia ya kisima juu yake.

Ya zamani ilikuwa imenyooka, pana. Ya kwangu ilinyooka mpaka kufika kwenye maharage yangu, hapo ikapinda kama upinde, ikalizunguka shamba langu, ikajibana kwenye ukingo wa korongo, kisha ikarudi kunyooka.

Hakuna aliyecheka. Bi Rehema akauliza, bila ubaya wowote, "Njia ilihama lini hapa?"

Mimi nilikuwa najua. Unapolima kwa ng'ombe, ukifika mwisho wa shamba unahitaji nafasi ya kuwageuza, na mimi kila msimu nilikuwa nawageuzia njiani, na pale nilipogeuzia, kwa kuwa udongo umeshapinduliwa, nilikuwa napanda. Tuta moja tu kila mwaka, na mnyaa wa kuzuia mbuzi nikausogeza mbele yake. Sikuwahi kujiambia naiba. Nilikuwa najiambia nageuza ng'ombe.

Bibi Anjela hakusimama, aliongea amekaa, mikono juu ya fimbo. "Haijahama yenyewe, mwanangu. Punda akiwa na madumu hapiti pale, dumu moja linagonga mnyaa, lingine linaning'inia korongoni. Mwaka wa kwanza nilimpitisha na dumu moja, akawa anaelemea upande. Nikaona nibebe mwenyewe."

Hakunitaja. Darasa zima lilijua shamba ni la nani, na hakunitaja. Ile aibu ya pombe ilikuwa kitu kidogo kabisa, ile nilikuwa naweza kucheka nayo siku moja. Nilimuona na lile dumu mgongoni, nikakumbuka nilivyompa pole.

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi. Nimekuwa nikigeuzia plau njiani. Bi Rehema, andika ile ya zamani."

"Kijiji kinakubali?" Bi Rehema akauliza. Mikono ikainuka yote, ya kwangu ya kwanza.

Bibi Anjela akanigeukia. "Na maharage yako, Paskali? Yameshatoa maua."

"Nitayang'oa, bibi."

"Yaache yakomae kwanza. Nimesubiri mpaka leo, nitashindwa kusubiri maharage?"

Sikuyaacha. Kesho yake asubuhi niliingia shambani nikang'oa matuta yote yaliyokuwa njiani, mnyaa nikaurudisha nyuma, na Mama Pendo, ambaye tangu mkutanoni alikuwa ananijibu kwa ndiyo na hapana tu, alikuja na jembe lake akaanzia upande wa pili. Tulipokutana katikati akasema, "Hapa nilidhani ndipo mpaka wetu ulipokuwa." Nikasema hata mimi nilijifanya kudhani hivyo.

Bi Rehema alikuja mwenyewe kusimamia kupima upya. Akasema upana tusiubahatishe, tupime kwa mtumiaji mwenyewe, kwa hiyo akaletwa punda wa Bibi Anjela, akafungwa madumu mawili, moja kila upande, na mimi nikapewa kamba nimwongoze, simu mkononi. (Yule punda alinitazama, nadhani ananijua.) Katikati ya njia, kama nilivyoogopa, "Paskali! Unapita kama mgeni?" Nikabonyeza isimame. Nikaweka jiwe niliposimama, Bi Rehema akamshika punda, nikavuka, nikamwamkia mzee mpaka mwisho, ng'ombe, mgongo, mvua yote, nikarudi kwenye jiwe langu, nikabonyeza iendelee, na Bi Rehema akasema, "Hivyo ndivyo, baba." Sijasifiwa hivyo tangu kipaimara.

Akaniomba ruhusa ule mkia asiutupe, autumie kufundishia wapimaji wa vijiji vingine, bila jina langu. Nikamruhusu, nikijua jina litafika lenyewe. Na limefika, Mogitu limefika, Hirbadaw nasikia wanauliza huyo mzee wa dakika arobaini na mbili yuko hai. Yuko hai, na kwa Mama Tumaini hapiti tena hata akiwa anafukuza ndama wa nani, na plau yake anaigeuzia ndani ya shamba lake.

Siku ile tulishuka mpaka kisimani, punda hakugusa mnyaa wala korongo. Bibi Anjela alikuwa ametangulia, amekaa kwenye jiwe anatusubiri. Nikamwambia shikamoo. Akasema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ile ile aliyoniitikia nayo kila siku, miaka yote niliyokuwa nalima njia yake.